Uzi wa Viatu, Waya wa Breki

Mzee Kioko tumemzika kwao Kitui, na tangu turudi Kawangware nimekuwa nikifungua kibanda chake cha viatu kila asubuhi kama mtu mwenye kazi. Sina kazi. Nakaa kwenye stuli yake hapo steji ya 46, nawaambia wateja fundi hayupo tena, nawarudishia viatu vyao, vingine bado vimefunua midomo. Juzi alikuja msichana mrefu, akasimama mbele ya kibanda bila kiatu mkononi. "Sasa, auntie," akasema, "mimi ni Achieng." Nilikuwa nimeshamjua kabla hajafungua mdomo, kwa vile vidole virefu vya baba yake. Mama yake alimpigia simu kutoka ziwani akamwambia aje atoe pole. Alitoa pole, akanywa chai, akatazama misumari na sindano za marehemu, kisha akaniuliza lile nililojua ataniuliza siku moja. "Mum huniambia tu daddy alienda kuokota kuni. Najua kuna ile ingine." Nilimwambia arudi Jumapili. Naandika haya kwa sababu nikimtazama usoni najua nitaruka mahali, na yeye si wa kurukiwa.

Sitamsumbua na habari za nilikotoka wala jinsi nilivyofika Nairobi. Tuliishi Kibera, upande unaokaribia Olympic, kwenye ploti ya vyumba vya udongo na mabati vilivyotazamana. Uchochoro wa katikati ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akisonga ugali unajua kama unga umemtosha. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, karibu na bafu. Mlikuwa na kitanda, stovu, na cherehani niliyoazima kwa mama mmoja wa kanisani, nikishona sare za shule. Mkabala nami alikaa Mzee Kioko, Mkamba kama mimi, mtu wa mdomo mkali aliyeweza kugombana na redio yake mwenyewe. Ukuta mmoja naye walikaa Ouma na mkewe Adhiambo. Ouma alikuwa mtu wa mjengo, mpole, aliyekulia kando ya ziwa akitega ndege kabla hajaja kubeba mawe ya watu mjini. Jioni yeye na Kioko walibishana juu ya siasa, mpira na namna ya kukaanga omena, na mimi na Adhiambo tulikaa mlangoni tukiwacheka. Ungeniuliza Desemba ile ya 2007, ningekwambia hakuna ploti yenye amani kuliko yetu.

Kisha matokeo ya kura yakatangazwa. Moshi sina haja ya kuueleza. Kila aliyekuwa Nairobi ana moshi wake. Nitasema habari za tumbo, kwa sababu watu wakisimulia vita husahau kwamba kila siku ile ilikuwa na saa ya chakula, na saa hiyo ilifika kama kawaida. Maduka yenye unga yaliporwa, halafu yakachomwa. Mama mboga wetu alikimbilia kwa ndugu zake. Njia ya kutokea ilikuwa na askari upande mmoja na vijana wenye mapanga upande mwingine, na wote walikuuliza kitambulisho. Katikati ya hayo Adhiambo akashikwa na uchungu, mchana, vitoa machozi vikipenya chini ya mabati, na hakuna gari la kumpeleka popote. Nililowesha leso nikamfunika pua. Mkunga mmoja wa ploti ya nyuma aliniongoza, na mtoto akatua mikononi mwangu, wakamwita Achieng kwa sababu jua lilikuwa juu. Mtoto alikuwa mzima. Mama yake hakuwa na maziwa.

Nilidhani yangekuja yenyewe, kama nilivyokuwa nimesikia. Hayakuja. Tulikuwa tukinywa chai ya rangi bila sukari, na uji tuliouongeza maji mpaka ukawa maji yaliyopita karibu na unga. Adhiambo alimpa mtoto titi, mtoto akavuta, akaachia, akalia kilio chembamba ambacho kila siku kilipungua nguvu, na sisi tuliokuwa nje tukawa tunaogopa kukisikia na kuogopa zaidi kisipokuwepo. Mkunga alirudi, akambonyeza matiti, akasimama mlangoni na kusema bila kupunguza sauti kwamba mama huyu anataka supu, na bila supu tuanze kutafuta kitambaa cha kumzikia mtoto. Ouma alikuwa ameketi uchochoroni. Alitazama viganja vyake muda mrefu.

Nyama ya kununua haikuwepo, hata kwa aliyekuwa na pesa. Na ploti yenyewe ilikuwa imeanza kuoza. Siku ambayo mtu wetu sisi Wakamba, aliyekuwa wa tatu kwenye kura, alikubali kiti kwenye serikali ambayo majirani zetu walisema imeiba kura, salamu zilikatika. Kupitia ukuta wa mabati niliwasikia majirani wa nyuma wakisema sisi wawili, Kioko na mimi, ni wa kuchungwa, kwamba Mkamba anakuchekea huku ameshauza mlango wako. Niliyajua maneno hayo yanatoka kwa nani. Nilikuwa nimemshonea mwanawe kaptura. Niliogopa, na zaidi ya kuogopa niliona uchungu. Ouma naye aliyasikia. Jioni hiyo alihamisha stuli yake kutoka mlangoni kwake, akaja kuikalia mlangoni kwa Kioko, mahali ambapo wote wangemwona. Kioko alimwambia atoke hapo, anamzibia mwanga.

Ouma ndiye aliyesema msitu. Wanawake wa Kibera walikuwa wakienda msitu wa Ngong kuokota kuni tangu zamani, kwa hofu ya walinzi, na nilikuwa nimeona mle sungura, njiwa, na kwale, yule ndege wa vichakani anayefanana na kuku mdogo. Kuwinda mle hakukuruhusiwa, na tulijua. Lakini wanawake waliokwenda peke yao wiki zile walikuwa wakishikwa, na hiyo kila mmoja wetu alielewa maana yake bila kuelezwa. Basi ikawa mimi na Ouma tutakwenda kama mtu na mkewe wanaotafuta kuni. Kioko, ambaye mguu wake mmoja haukuwa mzuri, alisema yeye atachagua vitu vya kubeba. Hakuomba, alisema.

Tulikaa chumbani kwake, mlango umerudishwa nusu, gundi ya viatu ikinuka mpaka kichwa kikauma. Ouma alikuja na panga, rungu, na kipande cha wavu. Alivipanga sakafuni kwa heshima. Kioko aliinua panga, akamuuliza askari akiuliza ni la nini atajibu nini. Ouma akasema la kukata kuni. "Na wale vijana nao?" Kioko akaliweka panga chini ya kitanda chake. Rungu likafuata.

"Beba kitu iko na majibu mbili," alisema. "Moja yao, moja yako."

Jambo la pili alilolisema kwa hasira, kana kwamba tulikuwa tumempinga, ni uzito. Rungu ni zito. Mtu mwenye njaa akilirusha mara chache akakosa, nguvu zimekwisha na mnyama yuko mbali anamtazama. Wavu unachukua nafasi na kila mtu anaujua. Mtego hufanya kazi wewe umekaa. Akatoa kasha lake akaanza kuchagua, na nakumbuka nilisahau njaa kidogo nikimtazama. Uzi wa kushonea viatu, ule uliopakwa nta, kwa sababu hauozi na fundo lake haliteguki. Huo ni wa ndege. Waya wa breki ya baiskeli, akaufumua nyuzi zake moja moja, akapitisha kadhaa ndani ya mshono wa kiuno cha suruali ya Ouma. Huo ni wa sungura. Akatuonyesha tanzi: upana wa ngumi, na chini liache nafasi ya vidole vinne kutoka ardhini, kwa sababu sungura hukimbia kichwa kikiwa juu. Mpira wa tyubu akaukata vipande viwili akaniambia nifungie nywele. Ni manati hiyo, akasema. Panda yake mtakata huko huko kwenye mti na mtaiacha huko huko. Nusu ya wembe ikaingia kwenye pindo la leso yangu. Chambo kilikuwa mtama aliouweka kwa ajili ya kupanda kwao mvua zikinyesha, kiganja kimoja tu, umefungwa kwenye kitambaa, na tukiulizwa tungesema ni wa uji. Juu ya hayo yote gunia na mukwa, ule ukanda wa kubebea kuni unaopita kwenye paji la uso. Nilipojipapasa sikuamini kwamba nilikuwa nimebeba kitu.

Mwisho Ouma akasema yeye ana chake. Akakunja viganja mbele ya mdomo, akaita kwa mluzi wa chini, wa kukwaruza kidogo mwanzoni kisha unapanda. Alivyofanya kwao akiwa mdogo, alisema. Ndege huitwa, si kungojwa. Upande wa pili wa ukuta Adhiambo alicheka, na tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu azae. Hata Kioko alilegea uso. "Hiyo sasa ndio nyepesi," akasema. "Hakuna mtu atakupekua mdomo." Kila usiku tulikuwa tukilala tukisikiliza filimbi na miluzi ya watu wakiitana, upande mmoja ukiuonya mwingine kwamba maadui wanakuja. Tulizijua zote. Na hakuna hata mmoja wetu watatu aliyeviweka vitu hivyo viwili pamoja. Kwetu ule ulikuwa mluzi wa ndege.

Siku ya kwanza hatukupata kitu, tulitega tu na kurudi na kuni. Tulisimamishwa mara mbili. Kijana mmoja alinivuta nywele akagusa ule mpira, akauachilia. Siku iliyofuata palikuwa na njiwa wawili kwenye uzi, na tanzi moja la waya lilikuwa limeng'olewa na kitu kikubwa kuliko sungura. Njiwa wawili ni kitu kidogo. Nikawachemsha na chumvi mpaka mifupa ikalainika, Adhiambo akanywa supu hiyo akitokwa jasho, na Kioko akatugeuzia mgongo asituone tukilamba sufuria. Jioni mtoto alivuta, akameza. Nilisikia koo lake. Ouma alikuja kunigongea mlango kuniambia kwamba amemeza, kama vile sikuwa nimetoka hapo kando yao sasa hivi.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu sehemu inayofuata naichukia. Watu waliomjua Kioko hapa Kawangware, tulikohamia baadaye mwaka huo maji yalipotulia, wanamkumbuka kama mzee mkorofi. Alikuwa mkorofi. Aliwahi kumfukuza mteja akiwa na kiatu kimoja mguuni kwa sababu tu alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wa kanisa huku akingoja. Watu walidhani ni maringo ya uzee. Mimi nilikuwa nikimkimbilia mteja yule na kiatu chake cha pili, nikimwomba radhi, na sikuwahi kueleza. Kioko naye hakuwahi kulitamka jambo lile mbele yangu, miaka yote tuliyokaa jirani. Ila kila akipata mteja wa kwanza wa mwezi alituma kitu ziwani kwa Adhiambo, na akinituma mimi kukipeleka aliniambia nisiseme kimetoka kwa nani.

Siku ya tatu ndege walitukwepa. Tulikuwa tumesogea zaidi, hadi mahali ambapo miti inapungua na ng'ambo unaona mabati ya watu ambao hatukuwajua. Mtama wetu ulikuwa haujaguswa. Mtoto alikuwa amelia tena alfajiri, kile kilio chembamba, na Ouma hakuwa amesema neno njiani. Aliniambia nikaangalie nyaya za bondeni, yeye atajaribu ule wito wa kwao. Nilikuwa nimeinama kwenye kichaka nikifungua tanzi tupu nilipousikia mluzi wake, ukikwaruza kisha ukipanda. Ulikuwa mzuri. Nakumbuka nilifikiria hivyo, kwamba ni mzuri, na kwamba kama ningekuwa kwale ningekuja.

Alipoita mara ya pili akajibiwa. Alijibiwa na filimbi, ya chuma, kutoka kwenye mabati, halafu nyingine kushoto, halafu sufuria zikaanza kugongwa. Nililala chini. Vijana walipita karibu nami wakikimbia, nikiona miguu yao, wengine wakiwa peku. Walikuwa kabila gani sitasema, na Achieng akiniuliza sitamwambia. Walikuwa na njaa kama sisi, na usiku wa kabla yake nao walikuwa wamechomewa. Nilimsikia Ouma akiwaambia kwa Kiswahili, kama Kioko alivyotufunza tusitumie lugha za nyumbani, kwamba yeye anaokota kuni. Walimpekua. Hawakupata kitu ambacho hakikuwa na majibu mawili.

"Ulikuwa unaita nani?" mmoja akauliza.

"Ndege."

Wengine wakacheka. Yule wa kwanza hakucheka. "Basi ita tena, aje."

Kisha nikasikia pumzi tu, pumzi inayopita mikononi bila sauti, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umekauka. Alijaribu tena. Yaliyofuata hayakuchukua muda, na sitayaandika. Wapo walioniuliza kwa nini sikutoka. Hao hawakuwepo. Ningetoka, tungekuwa wawili kwenye nyasi zile, na mtoto angekuwa bila hata mtu wa kumchemshia maji.

Walipoondoka, askari walikuwa wanakuja na gari lao kwa sababu ya kelele, na niliwaona kutoka mbali wakiupakia mwili wake. Ndipo nikaanza kutembea, nikiwa na gunia langu, nikipitia mahali alipokuwa ametega nyuzi zake mwenyewe asubuhi. Kwenye wa mwisho kulikuwa na kwale. Alikuwa hai, amechoka, amenaswa mguu. Alikuja kwa mluzi ule, wa kwanza au wa pili, sijui. Nilimkata shingo kwa nusu ya wembe, nikamweka chini ya kuni, nikafunga mukwa na kupita vizuizi vyote nikijibu salamu.

Kioko alikuwa uchochoroni. Aliponiona peke yangu aliinuka, akakaa tena. Nilimweleza chumbani kwake kwa sauti ya chini, na alisikiliza akiwa ameshika kiatu cha mtu, akikigeuza. Aliniuliza kama Ouma aliita. Nikasema aliita. Hakuuliza tena. Kisha akanyoosha mkono kwenye gunia, akamtoa yule kwale, akaanza kumnyonyoa. Akasema Adhiambo atakula kwanza. Atakula, atanyonyesha, halafu tutamwambia, kwa sababu mwanamke akisikia habari hiyo na tumbo tupu maziwa yanakatika na hayarudi. Nilitaka kukataa. Mtoto akalia upande wa pili, na sikukataa.

Nilipika supu. Adhiambo aliuliza mumewe yuko wapi, na Kioko akamwambia kutoka mlangoni kwamba njia imefungwa, atachelewa. Akaamini, au alitaka kuamini. Alikunywa supu bakuli zima. Alikula paja, akala kifua, mafuta yakimshukia kidevuni, akasema Mungu awabariki, akamsifu Ouma kwamba amemwita ndege mnono. Mtoto alikuwa kwenye titi, na safari hii hakuachia. Tulimsikia akimeza na kumeza. Nilifikiri, tumefaulu, na nikaona aibu kwa neno hilo.

Kisha Adhiambo akaichokoa firigisi kutoka kwenye sufuria. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Kwao, na kwetu pia, mke haigusi mumewe akiwa hai. Aliiweka kwenye sahani peke yake, akaifunika na sahani nyingine, akaisukuma kando ya kitanda mahali ambapo Ouma huketi. Nilitazama sakafu. Kioko aliitazama ile sahani muda mrefu. Nadhani alikuwa akiufikiria mwili wa Adhiambo uliokuwa ukifa njaa pamoja na mtoto, na nguvu iliyolala chini ya sahani, na kwamba hakuna mtu mwingine wa kuila.

"Kula na hiyo pia, mama," akasema.

Adhiambo aliinua uso. Alimtazama Kioko, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Alimweka mtoto vizuri kwenye titi, akafunua sahani, akaichukua firigisi, akaitafuna polepole mpaka ikaisha, mtoto akiendelea kunyonya. Ndipo akaniuliza wamempeleka wapi.